Kamba Fupi ya Kalama

Nyale alikuwa hamtaki shemeji yake Kalama hata kwa dawa. Jitu zima, miaka yote liko Kilifi likifunga boti za watalii kwenye gati la hoteli, gati la plastiki linaloelea, sasa limemfuata kaka yake hapa kijijini Hewani na fulana ya hoteli na mdomo usiopumzika. Na kwa kuwa kaka huyo, mume wa Nyale, alikuwa amelazwa Malindi, mtumbwi wa nyumba ukaangukia mikononi mwa bingwa huyu.

Mahindi ya Nyale, chakula chao cha mwaka, yalikuwa ng'ambo, yameshavunjwa na kurundikwa kibandani. Chifu alishatangaza kwamba mafuriko yanashuka kutoka juu ya mto. Alfajiri ilibidi wavuke, wapakie, warudi kabla shamba halijafunikwa. Mitumbwi mingine kijijini ilikuwa mbioni na mahindi ya wenyewe.

Jioni ile Kalama aliufunga mtumbwi. Alipiga fundo, akapiga jingine juu yake, akakaza kwa meno.

"Hapa mnafunga boti kama mbuzi ya mnada Garsen," alisema. "Tazama hii, shemeji. Haiendi mahali."

"Natazama," Nyale akajibu.

Alichokiona ni kamba isiyofika hata urefu wa mkono, imekazwa kwenye kigingi kilichosimama karibu na maji. Yeye alizaliwa kando ya Tana. Mto ukianza kuleta povu na majani, kamba huachwa ndefu na kufungwa kule juu kwenye mti, kwa fundo linalofunguka ukivuta ncha. Maji yakipanda, mtumbwi unapanda nayo. Huyu mpumbavu alifunga kana kwamba ukingo wa mto nao utaelea.

Neno moja lingetosha, lakini Nyale hakulisema. Alitaka kijiji kizima kimwone asubuhi akigombana na fundo lake majini, ile fulana imemganda mwilini. Mtumbwi ungelowa kidogo, wangeyachota maji, wangevuka. Akaenda kulala, moyo wake mweupe.

Asubuhi kigingi hakikuonekana. Kamba ilikuwa imeivuta pua ya mtumbwi chini, na mtumbwi umejaa maji. Kalama aliingia mpaka kifuani, akapapasa fundo, lakini lilikuwa limevimba na halikuwa na pa kushika. Watu wakacheka. Nyale akawazidi wote kwa kucheka. Mwishowe Kalama akakata kamba kwa panga, na mtumbwi, kwa uzito wa maji yale, ukamponyoka, ukachukuliwa na mto.

Hapo hakuna aliyecheka. Ng'ambo, maji yalikuwa yameanza kuingia kibandani.

Kalama akapanda ukingoni akitetemeka. "Nisamehe, shemeji. Mimi nimezoea gati."

Kaviha, mama mkwe wa Nyale, alimpita mwanawe. Alimgeukia Nyale. "Jana ulikuwa hapa akifunga?"

"Nilikuwa hapa, mama."

"Huyu ni mgeni wa mto. Na wewe?"

Nyale akatazama chini. Uso ulimwaka kwa haya mbele ya watu.

"Mwache, mama," Kalama akasema, akikamua fulana yake. "Giza lilikuwa limeingia. Hata yeye hangeweza kuona."

Jana yake, alipokuwa akifunga, jua lilikuwa bado halijazama, na kila mtu pale alijua. Nyale alimchukia kwa huruma ile kuliko alivyowahi kumchukia kwa maringo yake.