Biskuti za Mwalimu Mkuu

Saa mbili asubuhi, wiki moja kabla ya sikukuu, mke wa Kinyozi alikuwa amekwisha kukata biskuti mia mbili kwa mdomo wa glasi. Mezani yalipangwa makopo arobaini ya maziwa ya unga, ameyaosha na kuyavalisha mabaki ya vitambaa aliyoyaomba kwa fundi cherehani. Mlangoni alisimama wifi yake, Mwalimu Mkuu, ambaye alistaafu shule miaka sita iliyopita lakini shule haijamstaafu. Alikuwa anamsomea mapishi kwa sauti ya imla.

"Siagi, vikombe viwili. Nukta. Maganda ya limau, yakwanguliwe. Nukta."

Mapishi yalikuwa ya marehemu mama yao, yeye na Kinyozi, na daftari lake halikuruhusiwa kuvuka kizingiti lisije likapata mafuta. Mke wa Kinyozi alisikiliza kwa adabu na kufanya yake. Biskuti za marehemu, Mungu amrehemu, zilifaa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Zilizosifiwa mtaa mzima ni hizi za tangawizi mbichi, aliyoitwanga mwenyewe. Kila kopo lilibandikwa karatasi yenye mwandiko mzuri wa ubaoni: Kutoka jikoni kwangu, kwa mkono wangu. Mwalimu Mkuu.

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Yeye alikabidhiwa mwiko siku ileile aliyoolewa.

"Dada," alisema bila kuinua macho, "mwaka huu naomba na jina langu liandikwe. Hata kwa chini. Hata kwa penseli."

"Wifi, karatasi yenyewe si unaiona ilivyo ndogo."

"Na mgongo unaniuma."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Mwalimu Mkuu, akafunga daftari.

Maneno hayo yalimuuma kuliko mgongo. Alifanya alivyofanya miaka yote: alilikanda donge la unga akiliambia kila kitu, kwa sauti ya chini, mpaka likalainika. Miaka kumi donge lilisikiliza tu. Mwaka huu lilikariri.

Wa kwanza kujua alikuwa mfamasia. Alifungua kopo lake dukani, akatafuna moja, na biskuti ikasema mdomoni mwake, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka, kwamba imesimama tangu alfajiri. Alimeza. Ya pili ikasema mashine ya kusaga ilikufa mwaka juzi na hakuna aliyeuliza. Mfamasia alikula saba, kisha akampigia simu Mwalimu Mkuu kumshukuru.

"Tamu sana, Mwalimu. Zinalalamika kidogo."

"Hiyo ni tangawizi," alisema Mwalimu Mkuu. "Nitapunguza."

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umezoea. Wenye shughuli walizila asubuhi, wenye upweke walizila jioni ili wapate mtu wa kuongea. Mwenye nyumba wa jirani alipata kopo la biskuti zilizookwa siku mke wa Kinyozi ana mafua, na kila biskuti ilipiga chafya kabla ya kuanza hoja yake. Hata hivyo hakurudisha kopo. Mwalimu Mkuu aliona aibu kidogo, akaongeza mstari kwenye karatasi zilizobaki: Zichovywe kwenye chai kwanza. Zikilowa ziliongea kwa kumung'unya maneno, na watu wastaarabu hawakuhitaji kusikia zaidi ya hapo.

Siku ya sikukuu ukoo ulikusanyika kwa Mwalimu Mkuu, watu ishirini na wawili, viti ishirini na viwili. Mke wa Kinyozi alikuwa wa ishirini na tatu, lakini yeye alikuwa na kazi ya kusimama. Baada ya chakula sahani ya biskuti ilizungushwa, na kwa kuwa chai ilikuwa bado jikoni, wote walizitafuna kavu, kwa pamoja.

"Mimi ndiye ninayezipika," zilisema biskuti ishirini na mbili. "Tangu mwaka wa kwanza."

Kisha zikataja jina lake, lake na la baba yake, polepole, kama mtu anayejitambulisha ofisini.

Mke wa Kinyozi alikuwa ameingia na birika. Alisimama palepale, akasubiri. Hakutaka vigelegele. Alitaka mtu mmoja tu ageuze shingo.

"Huyo ni nani?" aliuliza mjomba.

Watu walitazamana. Ndani ya nyumba hiyo alikuwa akiitwa wifi, shemeji, mama wa mapacha na, akihitajika haraka, wewe.

"Labda ni kampuni ya unga," alisema shangazi.

Kinyozi alilijua jina hilo. Siku ya ndoa alilitamka mbele ya watu bila kukwama. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akachukua biskuti nyingine ili mdomo uwe na kazi.

"Ni mimi," alisema mke wa Kinyozi.

"Ni wewe nini, mwanangu?" aliuliza mjomba kwa upole.

"Ni jina langu."

Mwalimu Mkuu aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa mambo yawe na kichwa cha habari.

"Jina zuri," alisema. "Na biskuti hazijawahi kuwa na jina. Wifi, si ulitaka liandikwe? Litaandikwa. Tena kwa wino."

Ukoo ulipiga makofi. Mtu akaulizia chai.

Mwaka uliofuata makopo yalikuwa themanini. Jina lilikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu, na chini yake: Kutoka jikoni kwangu, kwa mkono wangu. Mwalimu Mkuu. Watu waliyaagiza kwa jina hilo, wengine wakilifupisha kwa mapenzi, na biskuti ziliendelea kueleza mambo yao kila zilipotafunwa. Mke wa Kinyozi alipomaliza kopo la themanini mgongo ulikataa kunyooka, akaenda zahanati ameinama.

"Jina?" aliuliza muuguzi.

Akalitaja.

Muuguzi alicheka, akaweka kalamu chini. "Kama zile biskuti?"

"Kama zile."

"Mwalimu ana mikono yule, Mungu ampe umri. Haya mama, nipe jina lako la kweli, kuna foleni."

Mke wa Kinyozi aligeuka kwa shida akaitazama foleni. Ilikuwa imefika nje.

"Andika mke wa Kinyozi," alisema.

"Ahaa," alisema muuguzi, akiandika. "Si ungesema mapema."