Samaki wa Jumapili

Dada yake aliolewa akiwa na miaka hamsini na tisa, na jambo hilo hakuna aliyelipanga, hata dada mwenyewe. Mpima ardhi mmoja mstaafu, aliyefiwa na mke, alikuja kushonewa suruali. Suruali ikawa fupi, ikarudi kurekebishwa, ikarudi tena, na kufikia mara ya nne mtaa mzima ulishajua kwamba tatizo si suruali. Miezi mitatu baadaye dada alifungasha cherehani, mikasi na mabunda yake ya vitambaa, akahamia mji wa mumewe, mwendo wa saa tatu kwa basi.

Aliyebaki ni mdogo wake, fundi miwani. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na mmoja katika vyumba vitatu juu ya duka, wao wawili tu, mmoja akishona juu, mwingine akisaga lenzi chini. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Maneno yote ya nyumba ile yalikuwa ya dada. Dada aliongea na cherehani, aliongea na sufuria, alibishana na mtangazaji wa redio mpaka akamshinda. Fundi aliitikia "mm", na maisha yakaenda. Sasa jioni alipofunga duka na kupanda ngazi alisikia viatu vyake mwenyewe, halafu ufunguo, halafu hakuna kitu. Alijaribu kuwasha redio. Redio isiyo na mtu wa kuigombeza ikawa kelele tu.

Kilichomkera kuliko vyote ni meza ya kushonea. Ilikuwa na miguu ya chuma, nzito hata wapagazi wakaigomea, kwa hiyo dada aliiacha dirishani, mahali ambapo jua la asubuhi liliingia saa mbili hivi na kuondoka. Fundi alijaribu kulia chakula pale. Alikula siku mbili, akarudi kula jikoni amesimama.

Siku moja alikuja dukani mzee aliyetaka miwani ya kuonea vitu vidogo. Aliuza samaki wa mapambo nyuma ya soko, na watu walimwita Matope. Fundi alipokuwa anapima kwa rula nafasi kati ya mboni zake, mzee hakunyamaza.

"Vitoto vya samaki sivioni tena, Fundi. Navimwaga na maji machafu, roho inaniuma. Na usione watu wananiita Matope ukadhani ni tusi. Wenzangu wanauza pampu, mashine za hewa, taa za ajabu ajabu. Mimi namwambia mtu: weka udongo chini, mchanga juu yake, jaza majani, tafuta dirisha. Majani ndiyo yatakusafishia maji. Basi wananiona mshamba."

"Dirisha la upande gani?" aliuliza fundi miwani, akajishangaa kusikia sauti yake.

Matope aligeuza kichwa na kuharibu kipimo. "La jua la asubuhi. Kwani unalo?"

Wiki ile ile fundi alimwendea mkata vioo wa jirani, akakatiwa vipande vitano, vikagandishwa kwa silikoni: tangi la lita arobaini, urefu wake kama mkono mpaka kwenye kiwiko. Wakalibeba wawili mpaka juu, wakaliweka juu ya meza ya kushonea, na kwa mara ya kwanza meza ile ilipata mzigo wa hadhi yake. Kwa siku mbili nzima lilikaa na maji matupu kupimwa kama linavuja. Halikuvuja.

Kisha akaanza kazi yenyewe, na kazi ya mikono ndiyo aliyoijua. Udongo aliuchota nyuma ya nyumba, mahali pasipowahi kutiwa mbolea, akauchekecha kwa chekeche la unga, akatoa vijiti, mizizi na vipande vya chupa. Akaulowesha, akauminya, akautandaza chini unene wa vidole viwili. Mchanga aliuosha bafuni ndoo kwa ndoo. Maji ya ndoo ya tisa ndiyo yaliyotoka safi. Akaufunika udongo wote, kona na kona. Maji ya bomba aliyaacha kwenye ndoo usiku kucha dawa yake iruke, na asubuhi akayamimina kidogo kidogo juu ya sahani ili mchanga usitimke. Mimea alipewa na Matope kwenye gazeti lililoloweshwa: majani marefu membamba kama utepe, mengine yenye manyoya kama mkia wa paka, na vijani vya duara vya kuelea juu. Aliipanda mmoja mmoja kwa kibano chake cha kushikia skrubu za miwani.

"Jaza," Matope alikuwa amemwambia. "Ukiona yanatosha, ongeza mara mbili. Halafu usiniletee habari za samaki mpaka wiki sita zipite."

Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, kisha yakawa ya kijani, kisha yakatulia rangi ya chai hafifu. Mapovu yalitoka kwenye udongo, yakapanda, yakapasuka. Nusu ya majani yalioza. Fundi alikwenda kulalamika, akaambiwa mizizi ndiyo inayotafuta makao, atulie. Akatulia. Konokono wawili walitokea bila kualikwa.

Wiki ya tatu dada na mumewe walikuja kumtembelea. Dada aliingia na mfuko wa plastiki umejaa maji, ameuinua juu kama taa.

"Ulinitajia tangi kwenye simu, nikasema mdogo wangu hawezi kukaa na maji matupu! Chagua jina. Huyu mkubwa mimi nimeshamwita Bwana Harusi. Tazama anavyoburuta nguo!"

Walikuwa watatu, rangi ya chungwa, mikia mirefu kama shela, kila mmoja mkubwa kama kiganja cha mtoto. Fundi alijua wiki sita hazijafika. Alimtazama dada yake, uso unang'aa hivyo. Akawatia.

Walikuwa wachimbaji. Mpaka jioni walishang'oa majani ya mbele na kuufikia udongo, na maji yakawa tope. Asubuhi ya tatu wawili walikuwa wakielea ubavu juu. Bwana Harusi alikuwa bado anapigania pumzi juu ya maji, mdomo wazi. Fundi alimchota kwa ndoo, akakimbia naye sokoni kabla hajafungua duka lake.

"Nilikwambia nini?" Matope alifoka.

"Nililetewa zawadi na dada."

"Majitu haya, kwenye kitangi kile? Huyo ndugu yako anakupenda au mna kesi?" Lakini tayari alikuwa anammwagia samaki maji ya tangi lake la nyuma. Bwana Harusi alipona. Baada ya siku chache akauzwa kwa mtu mwenye bwawa bustanini.

Jumapili saa kumi, simu ililia. Dada alipiga kila Jumapili saa kumi, na tangu alipohama mazungumzo yalikuwa ya dakika mbili. Mzima? Mzima. Kazi? Ipo. Haya, basi. Si kwamba dada aliishiwa maneno. Maneno anayo, ila kwenye simu alihitaji mtu wa kuyarudisha, na "mm" haiwezi kushika simu.

"Wanangu wazima?" aliuliza dada.

Fundi alitazama tope ndani ya tangi. "Wazima."

"Bwana Harusi je?"

"Anaringa," alisema fundi miwani. Upande wa pili dada akaangua kicheko, akataka kujua anaringa vipi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumapili iliyofuata Bwana Harusi alikuwa ameanza kula mkononi. Iliyofuata wale wawili wadogo walikuwa wamenuniana, mmoja kahamia nyuma ya majani. Kisha Bwana Harusi akaogopa pasi. Kisha akaipenda redio, hasa taarifa ya habari. Fundi, ambaye maishani mwake hakuwahi kumaliza hadithi moja, alijikuta Jumamosi akisaga lenzi huku akitengeneza ya kesho, akiikata hapa, akiitia chumvi pale. Simu zikafika dakika ishirini. Zikafika arobaini. Alipokata simu, sikio likiwa bado la moto, alikaa akitazama tangi lisilo na samaki, na chumba kikamrudia kimya kuliko kilivyokuwa.

Tangi lenyewe hakulitupa. Alipunguza maji nusu, akaongeza mchanga, akapanda upya. Wiki zikapita, majani ya utepe yakagusa juu ya maji na kujikunja, yale ya mkia wa paka yakajaa kona zote, na maji yakawa angavu hata unaona nyumba za ng'ambo kupitia humo, zimepinda kidogo. Matope alimwambia sasa maji yameiva, achukue samaki wadogo, urefu wa ukucha. Fundi alisema wiki ijayo. Alisema hivyo wiki tano. Kununua wengine ingekuwa kama kuwaua wale wa kwenye simu.

Alhamisi moja, bila taarifa, mlango wa duka ulifunguliwa. Shemeji alisimama pale, macho madogo, ameshika miwani yake vipande viwili.

"Shemeji, niokoe. Nimeikalia."

Nyuma yake alikuwa dada. Alimkumbatia mdogo wake, akamlalamikia alivyokonda, akasema anakwenda juu kuwasalimia wanawe. Ufunguo bado alikuwa nao.

Fundi alisimama nyuma ya kaunta, rula mkononi. Fremu mpya ya shemeji ilikuwa tayari kwenye sinia la mchanga wa moto ikilainika, akiiacha itayeyuka. Alisikia hatua za dada ngazini, moja moja, akiongea peke yake. Akasikia mlango. Akasikia ubao wa sakafu karibu na dirisha. Halafu juu kukawa kimya, na dada yake hakuwa mtu wa kunyamaza chumbani.

"Umeniziba jicho, shemeji," alisema mpima ardhi kwa upole.

Fundi alikunja fremu, akaipoza, akamwomba shemeji asubiri kidogo, akapanda.

Dada hakuwepo dirishani. Alikuwa chumbani kwake kwa zamani, amekaa juu ya kitanda, mkoba mapajani.

"Nimehesabu konokono saba," alisema. "Samaki sikumwona."

"Walikufa. Bwana Harusi nilimpeleka kwa muuza samaki, akauzwa."

"Lini?"

"Siku ya tatu baada ya kuwaleta."

Dada alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Kwa hiyo aliyekula mkononi..."

"Hakula."

"Aliyeogopa pasi?"

"Pasi ulikwenda nayo, dada. Mimi sina pasi."

Dada alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Alifuta macho, akacheka tena, na katikati ya kicheko cha pili akaishiwa. "Na mimi namhadithia mume wangu. Nimewahadithia majirani. Watu wananisimamisha njiani kumuulizia samaki! Wewe, ambaye kukutoa neno ilikuwa kama kukung'oa jino! Kwa nini?"

Fundi miwani alitazama mikono yake. "Ulikuwa hukati simu."

Dada alipitisha kiganja juu ya shuka, polepole, kama fundi nguo anavyopapasa kitambaa. Shuka lilikuwa limenyooshwa kwa mkono, limechomekwa kona zote nne, linanukia sabuni.

"Hili si la tangu niondoke."

"La Jumamosi."

"Unabadilisha kila Jumamosi?"

"Mm."

"Mdogo wangu, niangalie." Akamwangalia. "Ningekuwa na shida kule ningekwambia. Ningekuja na mabunda yangu, ungenifungulia, tungeendelea tulipoachia. Lakini sina shida. Nina raha. Naona hata aibu jinsi nilivyo na raha. Sitarudi."

"Najua."

"Unajua, na huku unanitandikia."

Kutoka chini sauti ya mwanamume ilipanda ngazi: "Jamani, mimi huku sioni kitu! Kuna mteja hapa au ni kabati?"

Wakacheka wote wawili, kidogo, wakashuka.

Miwani ilikamilika saa nane. Shemeji aliivaa, akasoma kwa sauti kila bango la mtaa ule kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlangoni dada alimshika mdogo wake kidevu. "Jumapili nitapiga. Ukiwa huna la kusema, usitunge. Niambie huna, mimi nitaongea kwa wote wawili." Halafu wakaenda zao, dada ameshaanza kuzungumza kabla hawajafika kona.

Kesho yake fundi alikwenda kwa Matope, akachukua samaki wanane, wadogo, wa kijivu, wenye mstari mmoja wa buluu ubavuni. Aliacha mfuko uelee robo saa maji yazoeane, akaufungua, akauinamisha. Walitoka kama sindano zilizomwagika, wakaingia kwenye majani, wakapotea wote. Alisubiri mpaka giza. Hakuona hata mkia.

Jumamosi alifunga duka saa saba. Alitandua kitanda cha dada, akafua mashuka, akayaanika. Yalipokauka alisimama nayo katikati ya chumba muda mrefu, ameyakumbatia, yana joto la jua. Kisha akayakunja, akayaweka kabatini. Godoro tupu lilikuwa na doa la chai na lilikuwa baya kutazama. Aliufunga mlango, akaufungua tena, akauacha hivyo hivyo.

Alivuta kiti mpaka dirishani, akakaa. Baada ya muda majani ya utepe yalitikisika, akatoka mmoja. Akasimama katikati ya maji, mapezi yakienda haraka haraka. Akatoka wa pili. Wakazunguka konokono, wakapanda juu, na mmoja akadonoa kitu chini ya kijani cha duara, akakitema, akakidonoa tena.

Fundi miwani alifungua mdomo kumwambia mtu. Ilikuwa bado Jumamosi. Alivuta kiti karibu zaidi, akaendelea kutazama.