Foku Nyekundu

Abdulhalim alimtambua kwa mlio wa baiskeli kabla hajamwona uso. Ilikuwa inagonga mbele, ko, ko, ko, kila gurudumu lilipoingia shimoni, na fundi yeyote angejua kwamba shokapu za foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, zimekwisha. Alikuwa amechuchumaa barazani kwa Mama Gulnaz, Kahama mjini, akipanga gololi kwenye habu ya mteja. Hakuinua kichwa. Mji mzima ulikuwa na baiskeli moja tu ya aina ile, na mwenye nayo alikuwa Majaliwa, mtu ambaye hakuwa amesalimiana naye kwa miaka miwili.

Majaliwa alikuwa broka. Alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo huko kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo, na kuileta mjini, na baiskeli ile ya milimani, fremu ya alumini na foku yenye shokapu, alikuwa ameipata kwa mzungu mmoja wa utafiti wa madini aliyemaliza mkataba wake Geita. Aliwahi pia kuwa mume wa Zuleha, dada yake Abdulhalim. Mwaka tisini na sita, Zuleha akiwa amekuja Kahama kumuuguza mama yao, Majaliwa, aliyebaki machimboni, aliandika talaka kwenye karatasi ya daftari, akampa utingo wa basi pamoja na godoro la Zuleha lililofungwa kamba. Utingo alipofika stendi, akitafuta jina la wa kupelekewa, aliifungua karatasi ile akaisoma kwa sauti. Wauza karanga walisikia. Wapiga debe walisikia. Hadi Zuleha anafika kuchukua godoro lake, stendi nzima ilikuwa inajua kwamba ameachwa, na kwamba sababu iliyoandikwa ni kutozaa.

Mama yao alifariki wiki tatu baadaye. Majaliwa hakuja msibani.

"Shemeji," Majaliwa alisema, akiiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya baraza.

"Mimi si shemeji yako."

"Haya, fundi. Mama Gulnaz yupo?"

Mama Gulnaz alikuwa ndani, nyuma ya kaunta. Jina lake lilikuwa Parvin, lakini tangu binti yake azaliwe hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa marehemu mumewe. Aliuza spea za baiskeli, na Abdulhalim alikuwa fundi wa barazani kwake mwaka wa saba sasa. Mwezi ule alikuwa amepokea kutoka Mwanza mzigo wa mitumba ya baiskeli, na ndani yake foku tatu za shokapu. Habari zilikuwa zimefika hadi machimboni.

"Shikamoo, mama," Majaliwa alisema.

"Marahaba. Foku, siyo? Nimesikia unakimbia Sabasaba."

"Nakimbia, na nataka kushinda."

Mashindano ya Sabasaba mwaka ule wa tisini na nane yalikuwa yanasubiriwa kwa hamu kubwa. Yalianzia uwanja wa mpira, yakashika njia ya machimbo, yakazunguka na kurudi. Mvua za Elinino zilikuwa zimeichana njia ile vibaya sana, makorongo kila mahali, na watu walisema safari hii hatashinda mwenye mapaja bali mwenye baiskeli.

Mama Gulnaz alizileta foku tatu akazilaza kwenye gunia mbele ya fundi. "Abdulhalim, mpimie," alisema, kisha akabaki mlangoni, mikono kifuani. Alijua habari za talaka. Kahama yote ilijua.

Abdulhalim aliifuta mikono grisi taratibu, kwa makusudi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walisogea. Bujiku, rafiki wa Majaliwa, Msukuma mnene mwenye duka la nafaka mtaa wa pili, alivuka barabara kuja kuona.

Foku ya kwanza haikuchukua muda. Bomba lake la juu lilikuwa nene kuliko shingo ya fremu. "Haiingii," Abdulhalim alisema, akaitupa pembeni. Zilibaki mbili. Nyeusi ilikuwa fupi, imechubuka rangi, na ndani yake mlikuwa na mipira badala ya springi. Ukiikandamiza ilizama vidole vitatu tu, ikarudi polepole. Nyekundu ilikuwa ndefu, inang'aa, springi za chuma, na ilizama kiganja kizima kabla ya kuruka juu kama kitu chenye uhai. Majaliwa aliikandamiza mara tano. Uso wake ulikuwa umeshaamua.

Abdulhalim aliitoa foku mbovu, akaipima kwa kijiti kuanzia pale ekseli inapokaa hadi pale miguu miwili inapoungana. Akaiweka nyeusi kando ya kijiti: sawasawa. Akaiweka nyekundu: ilizidi vidole vinne. Kisha akaigeuza fremu juani akaitazama shingo, mahali mabomba mawili yalipochomelewa. Alumini ile ilikuwa nyembamba. Aliyeitengeneza aliipigia hesabu ya foku fupi. Ukiiwekea ndefu, pua ya baiskeli itanyanyuka, usukani utayumba, na kila korongo litaisukuma ile miguu mirefu nyuma kama mtu anayeng'oa kigingi kwa mtaimbo. Shingo ingevumilia siku kadhaa barabarani. Kwenye mteremko, kwa mwendo wa mashindano, isingevumilia.

Aliyaona hayo yote kwa wakati mmoja, kama fundi anavyoyaona. Na pamoja nayo aliona jambo jingine ambalo halikuwa la ufundi. Alimjua Majaliwa. Miaka sita alikuwa amekula naye sahani moja kila Idi. Ukimwambia kulia, anakwenda kushoto ili usipate kusema kwamba ulimwelekeza. Kama Abdulhalim angeisifu ile nyekundu, angesema chukua hii shemeji yangu, hii ndiyo yenyewe, Majaliwa angenusa mtego na kuondoka na nyeusi, salama.

Akili yake ilisimama hapo kitambo kifupi tu. Kisha akasema ukweli.

"Chukua nyeusi."

"Kwa nini?"

"Nyekundu ni ndefu mno. Itaivunja fremu yako hapa shingoni."

"Wazungu hawajui kutengeneza, wewe ndiye unajua?"

"Wazungu wameitengeneza kwa baiskeli nyingine." Abdulhalim aliinuka, akapandisha sauti ili hata waliokuwa ng'ambo ya barabara wasikie. "Hii nyekundu si saizi yako, Majaliwa. Kuna vitu mwanamume anavitamani na si saizi yake. Shika hicho kifupi, ndicho kinachokutosha."

Kicheko kililipuka barazani. Kila mtu alikuwa amesikia yale yanayosemwa pembeni, kwamba Majaliwa alimwacha mke kwa kutozaa, na mke mpya naye mwaka wa pili huu anapita na tumbo bapa. Hata Bujiku alicheka, kisha akaziba mdomo.

Majaliwa hakucheka. Mshipa ulimsimama kwenye paji la uso. "Nifungie nyekundu," alisema.

"Nimekuambia itavunjika."

"Nifungie nyekundu! Unataka nipande hicho kiguru nishindwe mbele ya mji mzima, kisha dada yako apige vigelegele. Nakujua wewe. Funga."

"Mama Gulnaz umesikia?" Abdulhalim aliuliza bila kumtazama.

"Nimesikia," alisema mama yule.

Akaifunga. Angeweza kukataa, angeweza kusema tafuta fundi mwingine, lakini aliifunga. Alipaka grisi, akapanga gololi moja moja, akakaza kila nati, akanyoosha breki hadi zikashika pamoja. Hakuwahi kumfungia rafiki foku vizuri kiasi kile. Hakutaka mtu yeyote aje kuonyesha kasoro kwenye kazi ya mikono yake.

Siku ya Sabasaba alikwenda uwanjani. Alijiambia kwamba anakwenda kuona mashindano kama watu wengine. Majaliwa aliondoka kwenye kundi la mbele, foku nyekundu ikimeta, na watu wakamshangilia. Kwa zaidi ya saa nzima hawakuonekana tena. Halafu akaingia wa kwanza, kijana wa Songwa juu ya baiskeli ya kawaida ya chuma, tope hadi kifuani. Akaingia wa pili. Akaingia wa tatu. Baada ya hapo likaja pikapu likipiga honi, na nyuma yake Bujiku ameketi amepakata kichwa cha mtu kilichofungwa kwa shati. Shati lilikuwa jeupe asubuhi.

"Kwenye drifti, pale mto unapokatiza njia!" mmoja wa wakimbiaji alikuwa akieleza, akihema. "Alikuwa anaongoza! Baiskeli imekatika shingo, yeye akatangulia kwa uso!"

Kitu cha kwanza kilichompata Abdulhalim kilikuwa furaha. Ilimjia moto na tamu, akaiona stendi, akaliona godoro, akamwona mama yake, akasema moyoni, chukua hiyo. Haikudumu. Pikapu lilipopita karibu yake aliuona mkono wa Majaliwa unaning'inia na kupigapiga ubao wa gari, hauna nguvu. Alitapika nyuma ya choo cha uwanja.

Kesho yake Bujiku alikuja na wanaume wanne. Aliitupa fremu barazani, vipande viwili. Foku nyekundu ilikuwa bado imeng'ang'ania shingo iliyong'oka, haina hata mkwaruzo.

"Bebe! Wewe, Abdulhalim! Umelegeza nini humu ndani? Taya limevunjika, meno sita hayapo! Ulitaka kumuua mwenzako kwa sababu ya mwanamke!"

"Tazama nati zangu," Abdulhalim alisema. "Tazama kama kuna hata moja iliyolegea."

"Nati gani! Twende kituoni ukaeleze nati!"

Mmoja alikuwa ameshamkamata kola. Ndipo Mama Gulnaz alipotoka ndani, ushungi umemwangukia mabegani, mkononi ameshika rula ndefu ya mbao aliyopimia mpira.

"Mwachie. Mwachie nimesema! Bujiku, wewe ulikuwa umesimama hapa hapa. Alimwambia itavunjika au hakumwambia?"

Bujiku aliitazama ile fremu iliyovunjika.

"Nakuuliza mtu mzima. Alimwambia au hakumwambia?"

"Alimwambia," Bujiku alisema hatimaye, kwa shida.

"Basi nendeni mkamuuguze mtu wenu."

Waliondoka wakitukana. Abdulhalim aliinama kuokota vipande vya fremu, na alipomshukuru mama yule, yeye hakupokea shukrani.

"Nimesema ulichosema," Mama Gulnaz alimwambia. "Sikusema ulivyosema. Hilo kalitafutie shahidi mwenyewe." Akarudi ndani.

Nyumbani, Zuleha alikuwa amekwisha kusikia yote, pamoja na lile la saizi. Alimtilia kaka yake chakula, akakaa mbali naye.

"Wamecheka sana, eti?"

"Dada, mtu yule alikuaibisha stendi."

"Ndiyo. Na wewe umeniaibisha barazani. Umelitaja tumbo langu ili wanaume wacheke. Ulidhani wamemcheka yeye peke yake?"

"Sikukutaja wewe."

"Hukuwa na haja ya kunitaja." Alikusanya vyombo kabla kaka yake hajamaliza kula. "Mimi namchukia Majaliwa kwa haki yangu, Abdul. Sikukutuma umchukie kwa niaba yangu."

Usingizi ulimkimbia siku nne. Siku ya tano alikwenda hospitali. Majaliwa alikuwa amelazwa karibu na dirisha, taya limefungwa bandeji kuzunguka kichwa, jicho moja limevimba na kufumba. Mke wake mpya, alipomwona mgeni, alitoka bila salamu.

Abdulhalim alisimama. Hakukuwa na kiti, na hata kingekuwapo asingekaribishwa.

"Nilijua," alisema. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, yote yakamtoroka. "Nilijua ukiniona nimekukataza utaichukua. Ningeisifu, ungeiacha. Nililijua hilo na bado nikakukataza, tena mbele ya watu."

Jicho lililo wazi lilimgeukia. Majaliwa alizungumza kupitia meno yaliyobaki, taya halitikisiki, maneno yakatoka yamepondeka lakini yakasikika.

"Mimi nami nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba unasema kweli. Nilikiona kijiti. Si kipofu." Alipumua, akameza mate kwa maumivu. "Ungeniambia kwa siri, ningechukua nyeusi. Lakini nikutii wewe, mbele ya Bujiku, watu wanacheka? Bora nife."

Abdulhalim alifikiria kuomba radhi, na neno likafika hadi kooni, lakini akalikumbuka kaburi la mama yake ambalo mtu huyu hakulitupia hata konzi moja ya udongo, na neno likarudi lilikotoka.

"Hukuja kumzika mama," alisema.

"Toka."

"Alikuwa anakuita mwanangu."

"Toka, Abdulhalim. Nikipona taya nitakutukana vizuri."

Akatoka.

Majaliwa alipona, ila uso ulibaki umepinda upande mmoja, na alipozungumza watu wasiomjua walidhani anawadhihaki. Yale matusi aliyoahidi hakuyaleta. Alinunua baiskeli ya chuma, akawa anaipeleka kwa fundi wa sokoni ambaye kila mtu alijua kwamba hajui kunyoosha rimu. Alipopita mbele ya duka la Mama Gulnaz alitazama mbele, na Abdulhalim alitazama kazi yake.

Zuleha aliolewa mwaka uliofuata na mwashi wa Mwadui, mgane mwenye watoto wawili. Siku ya kuondoka aliwaaga majirani wote wa mtaa, nyumba kwa nyumba, akawapa mkono na kuwaombea heri. Kaka yake alimbebea sanduku hadi stendi. Alipandisha sanduku, akashuka, akasimama chini ya dirisha la basi akisubiri naye kuagwa. Zuleha alimwambia arudi nyumbani, jua ni kali.