Miguu Yenye Tope

Nyie mnaosema kaka yangu Eliufoo aliiba maji, mnanitia kichefuchefu.

Mwaka ule, Mwingereza bado anatawala, mvua ilitukimbia huku kwetu milimani, Mamba. Tukabaki na maji ya ndiva tu, lile bwawa la udongo tunalolijaza usiku na kulifungulia mashamba asubuhi, kila mtu kwa zamu yake. Siku moja kulipokucha, ndiva ikakutwa nusu. Chini yake shamba la Eliufoo limelowa, naye yumo ndani, ana tope mpaka magotini.

Mzee Lukasi, msimamizi wa zamu, wala hakuuliza. "Miguu imeshasema," akatamka.

"Shikamoo, baba," Eliufoo akasema. "Ni fuko. Katoboa ukuta wa ndiva, maji yakapenya, nami nikaingia kuyazuia. Twendeni mkaone tundu, ni hapo juu tu."

Hapo juu tu! Hakuna aliyeinua mguu. Njaa inawauma, jua limeshawaka, na kupanda kilima ni kazi. Kutazama miguu ya mtu hakuchoshi. Tena mmoja akakumbusha kwamba marehemu baba yetu naye aliwahi kufungulia maji kabla ya zamu yake. Basi, kesi ikaisha. Nililia, nikawatukana, nikamshika Mzee Lukasi mkono nimvute huko juu. Akanibandua kama kupe.

Wakamnyima Eliufoo zamu mpaka mavuno. Maharage yake yakanyauka yakiwa bado na maua. Watoto wakaanza kulala bila kula, naye akateremka tambarare kukata mkonge wa Wazungu.

Haukupita mwezi, lile tundu la fuko likapanuka na ukuta ukaporomoka mchana kweupe. Maji ya watu wote yakamwagika bondeni. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikatiza hapo hapo kwenye maji na tope, mbio mpaka kwa Mzee Lukasi na wenzake.

"Haya, mmeona sasa?" nikapiga kelele. "Eliufoo yuko mkongeni! Nani kabomoa? Si fuko huyo huyo?"

Mzee aliwageukia wenzake. "Mwenyewe hayupo, ni kweli," akasema. "Basi katuma mtu."

Wote wakaitikia. Halafu macho yao yakashuka taratibu mpaka kwenye miguu yangu.