Tarehe ya Mama Mkwe

Daktari wa watoto njiti alimwuliza mzazi swali, na kwa mara nyingine akajibiwa na mtu mwingine.

“Alipata siku zake wiki ile ile ya harusi,” alisema mama mkwe, aliyekalia kiti pekee cha chumba kile utadhani amekikodi. “Mimba ilifuata. Andika hivyo.”

“Nimemwuliza yeye, mama.”

“Na yeye atakwambia hivyo hivyo.”

Binti wa watu, aliyejifungua asubuhi ile na bado akijishika tumbo pale kitandani, alitazama sakafu. “Ni kama alivyosema mama,” akanong’ona.

Haya. Daktari akaingiza tarehe kwenye kompyuta, akivigonga vitufe kwa hasira. Programu ile hutaka umri wa mimba, uzito na mengine machache, kisha hukadiria: watoto wa namna hii wangapi huishi, na wangapi kati yao hubaki na ulemavu. Ikatoa wiki ishirini na mbili, na makadirio ya kuvunja moyo. Kwa umri huo hospitali ile haimtii mtoto kwenye mashine ya kupumua. Humfunika vizuri, humpa mama yake amshike, na kusubiri. Utaratibu huo daktari mwenyewe ndiye aliyeupigania, maana alishachoka kuona vichanga vikichomwachomwa sindano bure.

“Sasa ataishi?” aliuliza mama mkwe.

“Kati ya watoto kumi kama huyu, labda mmoja.”

“Sijakuuliza habari za watoto kumi. Nimekuuliza huyu wangu.”

Simu ya bibi huyo ikalia. Akaikata. Mashangazi walikuwa wakipiga tangu asubuhi, na kila mmoja alitaka kujua mtoto kazaliwa na miezi mingapi.

Daktari alitoka kabla hajasema neno la kujutia. Akaenda chumba cha pili kumtazama mtoto, ili akirudi aseme lile la kusema. Kichanga kilikuwa na mpira wa oksijeni puani na kilianza kuchoka. Mbavu zilikuwa zikiingia na kutoka chini ya ngozi nyembamba. Daktari akainama. Kichanga kikamtazama.

Alisimama pale kinywa wazi. Mtoto wa wiki ishirini na mbili hafumbui macho. Kope zake bado zimegandana. Uzito ndio uliowapumbaza wote, kwa kuwa ulikuwa mdogo kama tarehe ilivyodai. Lakini mzazi alikuwa na presha, na presha humnyima mtoto chakula tumboni. Na kliniki alikwenda amechelewa, tumbo limeshatoka, hakuna picha ya ultrasaundi ya mapema ya kusema kweli. Kwa nini mtu achelewe hivyo? Hapo daktari akaelewa, na hasira zikampanda kichwani.

“Mama, nenda kamletee mtoto kofia,” alisema aliporudi.

Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kofia. Akatoa na soksi.

“Basi kaa!” Daktari akashindwa kujizuia. “Sikilizeni. Mimi si shehe, si padri, si mshenga. Harusi yenu ilikuwa lini hainihusu ndewe wala sikio! Mtoto yule kafumbua macho. Kuna mtu humu ndani ananidanganya, na kwa uongo huo nilikuwa nakuja kuwaambia tumwache aende.”

Binti akaanza kulia, akimwangalia mama mkwe kama mtu anayesubiri kofi.

“Siku zangu za mwisho zilikuwa kabla,” alisema. “Wiki tano kabla ya harusi. Nisamehe, mama.”

“Najua,” alisema mama mkwe.

“Unajua?”

“Siku ya harusi ulitapika nyuma ya jikoni, ukasema ni joto. Mashangazi wakaniuliza, nikawaambia ni joto. Nimelibeba hilo joto mpaka leo.” Akaikunja ile kofia. “Nilidhani nakusitiri, mwanangu.”

“Na mimi nilidhani ukijua utanifukuza.”

Daktari alitamani kuwagonganisha vichwa wote wawili. Wiki ishirini na saba! Akaingiza tarehe mpya, lakini hakungoja kompyuta imalize kufikiri. Alishakuwa mlangoni akimwita muuguzi aandae mashine. Alipogeuka kuitazama kompyuta, makadirio yalikuwa saba kati ya kumi. Hakuwaambia. Alijua angejibiwa nini.

Mashine ilipoanza kumpulizia mtoto pumzi, na kifua kile kidogo kikaacha kuhangaika, daktari alisikia simu ikilia tena ukumbini. Safari hii mama mkwe hakuikata. Alizungumza kwa sauti ya kusikika wodi nzima.

“Wiki ishirini na saba. Ndiyo, saba, umesikia vizuri. Haya, hesabuni na vidole vyenu mpaka mchoke, kisha mumwombee mjukuu wangu.”