Kreshendo Kigangoni

Mwaka 1971, kwenye kigango kimoja karibu na Mahurunga, kila kwaya ilipofanya mazoezi mtu mmoja hakuimba. Alisimama dirishani kusikiliza ndege za kivita za Wareno kutoka Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, na akizisikia alipiga debe ili watu wakimbilie mahandaki. Kazi hiyo ilikuwa ya Theresia, na aliifanya kwa moyo, maana mama yake, Sabina, alikuwa kiziwi. Debe lisingemsaidia mama. Ilibidi Theresia mwenyewe akimbie nyumbani kumshika mkono.

Mwalimu Gaudensi, mgeni kutoka Bukoba, alikuwa na kitabu cha nyimbo cha Kiingereza, na ndani yake neno la Kitaliano lililomkosesha usingizi: kreshendo. Waingereza, alilalamika, hulitumia wakimaanisha kelele zimefika kileleni, kumbe wenye neno lao walikusudia sauti inayokua kidogo kidogo. Na kwaya yake, Mungu wangu, ilianza kwa kelele ikamaliza kwa kelele. Askofu alikuwa anakuja Jumapili.

"Theresia," alisema, "bila sauti yako wimbo haupandi. Njoo mstari wa mbele."

"Na dirishani, Mwalimu?"

"Wiki mbili hatujasikia kitu. Wimbo mmoja tu."

Jamani, nani asiyependa kuambiwa anahitajika? Miezi yote ile Theresia alikuwa akiimba kimoyomoyo. Akaenda.

Walianza chini, karibu kunong'ona, wakapanda taratibu, na safari hii walipatia. Mabati yakaanza kutetemeka. Theresia alifurahi, akadhani ni wao. Mwalimu naye alidhani hivyohivyo, akazidi kuinua mikono, mpaka bomu la kwanza lilipoanguka shambani kwa jirani yao Athumani.

Wenzake walirukia handaki. Theresia alikimbilia nyumbani, akijilaani njia nzima.

Mama alikuwa chini ya mkorosho, anamenya mihogo. Alipomwona binti yake anakuja mbio alitabasamu, akidhani mazoezi yamekwenda vizuri. Theresia alipunga mikono, akapiga kelele huku akijua hazisikiki. Hawakuwahi kuwekeana ishara ya hatari. Siku zote alifika mapema akamshika mkono.

Mama aliweka kisu chini, akatoka uwanjani kumpokea. Bomu la pili lilimkuta hapo, hatua ishirini kutoka kwa mwanawe.