Ndege Aliyeoshwa kwa Mswaki

Bosi wetu tulimpachika jina Bwana Tathmini. Kisima cha kampuni kilipolipuka kule baharini na mafuta yakatapakaa hadi ufukweni, alisema tunafanya tathmini. Samaki walipoanza kuelea matumbo juu, tathmini. Hata ukimwuliza kama chai ina sukari, nadhani atakujibu hivyo hivyo.

Asubuhi moja akaniita ofisini. "Nenda kwa mama yake yule fundi wa mitambo aliyekuwa zamu siku ya mlipuko. Mwambie kijana bado anatafutwa."

"Boti za kumtafuta si zilisharudi?" nikamwuliza. "Sasa hivi zinavuta mafuta yaliyomwagika."

"Wewe sema anatafutwa. Tukitamka kwamba amekufa, kesho wanasheria wako mlangoni. Na huo mdomo wako uuache hapa."

Nilikasirika. Lakini nina watoto wanaokula kwa mshahara ule ule, kwa hiyo nikavaa kizibao cha kampuni nikaenda.

Mama alinipokea sebuleni. Viti vilikuwa vimepangwa, sakafu imepigwa deki. Mkwewe, mke wa fundi, alisimama mlangoni amejikumbatia. Hakuna aliyekuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Karibu, mwanangu. Nilikuona kwenye televisheni," mama akasema. "Ulikuwa unamwosha ndege kwa mswaki."

Nikaona aibu. Ni kweli, kampuni ilituita na kamera zake, tukawasugua ndege mafuta unyoya kwa unyoya.

"Yule ndege alipona?"

"Hapana, mama. Alikufa jioni ile ile."

"Maskini. Angalau aliondoka ameoshwa. Wangu mimi ataoshwa na nani? Majirani wanataka kuja kulia na mimi, nawaambia wasubiri, kampuni inasema bado anatafutwa. Huyu mkwe wangu kila pikipiki ikisimama nje anakimbilia dirishani. Wewe umetoka huko. Niambie, nilie au nisilie?"

Maneno ya Bwana Tathmini nilikuwa nayo tayari mdomoni. Yakagoma kutoka.

"Lia, mama," nikasema. "Waliacha kumtafuta tangu wiki iliyopita. Hayupo tena."

Mkwe akakaa chini pale pale mlangoni. Mama akashika ukingo wa meza, akainuka. "Haya. Toeni viti nje, tandikeni mkeka, watu wapate pa kukaa."

Nikavitoa mimi, nikatandika mkeka. Majirani walipoona viti vinatoka hawakuuliza kitu. Walianza kuingia mmoja mmoja, wakakaa mkekani.

Simu yangu ikaita.

"Vipi, umeshamwambia?" Bwana Tathmini akauliza.

"Nimemwambia."

"Amelipokeaje?"

Nyuma yangu mama alikuwa ameanza kulia, kilio cha mtu aliyekizuia muda mrefu. Niliilaza simu mkekani bila kuikata, asikilize mwenyewe, nikaenda kumshika mama.